Paka wa depo akizaa: saidia mama, usimnyang'anye watoto



Panya hali mahindi tu. Anatoboa mifuko, anakojolea maharagi, na munuzi akiona vile anakataa muzigo wote. Ndiyo maana depo nyingi ziko na paka. Lakini paka akizaa, mara nyingi watoto wanakufa mumoja mumoja katika juma la kwanza, na watu wanasema ni bahati mbaya. Pengine ni maziwa tu yamekosekana.

Wengine wakiona hivyo wanaondoa watoto wote kwa mama, wanawalisha kwa kijiko. Sisi maagronome tunawaomba: musifanye vile. Mama anawapa joto. Anawalamba tumbo ili wakojoe na kunya, juu mutoto muchanga hawezi peke yake. Tena maziwa yake ya siku ya kwanza yanawapa kinga ya magonjwa. Nani kati yetu ataweza kazi hizo zote usiku na muchana? Inafaa tuwaache kwa mama, tuongezee wale wenye kukosa.

Kwanza, lisha mama

Paka mwenye kunyonyesha anahitaji chakula mara mbili, hata mara tatu, kupita siku zingine. Bukari peke yake haimufai. Paka anaishi kwa nyama na samaki. Mupe ndagala au sambaza, vichwa vya samaki, matumbo ya kuku yaliyopikwa, na maji safi karibu na pahali analala. Wengi wanamunyima juu wanafikiri paka akishiba hawindi. Lakini mama mwenye njaa hana maziwa.

Pili, pima watoto

Mutoto muchanga ana karibu gramu 100, na kila siku inafaa aongeze gramu 10 hivi. Tafuta mizani ndogo inayoonyesha gramu, pima kila asubuhi, andika. Asiyeongeza, ao anayelia wakati wenzake wamelala, ndiye wa kusaidia.

Tatu, maziwa gani?

Maziwa ya ng'ombe matupu yanaharisha: sukari yake ya maziwa ni nyingi, mafuta na protini ni kidogo kuliko ya paka. Kama veterineri ana maziwa ya unga ya watoto wa paka, chukua hayo. Yakikosekana, kwa kuokoa tu, chemsha robo lita ya maziwa ya mbuzi ao ya ng'ombe, acha moto upungue, changanya kiini cha yai moja. Usitie sukari. Yaliyobaki usiyalaze mpaka kesho.

Namna ya kunywesha

- Gusa mutoto kwanza. Akiwa baridi, usimupe kitu. Mutie joto polepole ndani ya nguo, karibu na mwili wako. Mutoto baridi hasagi maziwa.
- Maziwa yawe vuguvugu. Jaribu tone moja kwenye mukono.
- Mulaze kifudifudi, sawa anavyonyonya kwa mama. Usimulaze chali kama mutoto wa mutu: maziwa yataingia mapafuni na atakufa.
- Tumia seringe mupya bila sindano, tone kwa tone. Anza na mililita 2. Kwa mutoto wa gramu 100 usipite 4.
- Kiisha murudishe kwa mama palepale. Rudia kila saa 3 ao 4. Akianza kuongeza gramu, punguza.

Kama anaharisha, ao kama matiti ya mama ni ya moto na magumu, ita veterineri siku ile ile.

Macho yanafunguka kati ya siku 7 na 14. Kwenye juma la 4, anza kuwapa samaki laini aliyelowanishwa. Mbele ya juma la 8, usimupe jirani hata mumoja.

Neno la mwisho ni kwa kamati. Usiweke sumu ya panya kwenye depo yenye paka: akikula panya mwenye sumu, atakufa naye, na watoto wanabaki yatima. Chagueni mutu mumoja wa kuangalia paka, na chakula chake kiandikwe ndani ya matumizi ya depo, sawa vile munaandika mifuko na kamba. Mulinzi anayefanya kazi usiku kucha anastahili kula.

Kazi njema!