Gari-nyumba linapomwaga maji yake usiku

Mazungumzo yangu ya juma hili ni ya maji na baridi, na yametokana na barua. Msikilizaji mmoja aliyehamia Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, ananieleza kwamba amenunua gari-nyumba kuukuu, na tangu baridi iingie, kila asubuhi anakuta tangi la maji ni tupu na chini ya gari pamefanyika bonge la barafu. Ameshabadilisha koki ya usalama mara moja. Hiyo mpya nayo inamwaga maji vile vile. Anauliza, nusu kwa mzaha, kama kuna mtu amemfanyia mambo.

Ndugu yangu, hakuna aliyekufanyia mambo. Mimi mwenyewe yalinikuta Januari 2019, katika milima ya Allgäu karibu na Oberstdorf, na zilipita siku mbili za ubishi na shemeji yangu kabla sijatambua kwamba koki yetu haikuwa na kosa lolote.

Kwanza niwaeleze ambao hawajaliona gari la namna hii. Ni kubwa kiasi cha basi dogo, na ndani lina vitanda, jiko, choo na bafu. Huko Ulaya watu wengi, hasa wastaafu, huzunguka nalo nchi kwa nchi bila kulala hoteli. Lina tangi la maji safi la lita 100 hivi, pampu ndogo ya umeme wa volti 12, na hita ya gesi. Hita hiyo hupasha hewa ya ndani na papo hapo hupasha maji katika boila ya lita 10. Maji machafu huingia katika tangi jingine, ambalo mara nyingi limefungwa nje chini ya sakafu. Wakati wa kiangazi hakuna taabu. Taabu huja kipimajoto kinaposhuka chini ya sifuri.

Aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anaijua habari yenyewe. Vitu vingi vikipoa hunywea, lakini maji yakiganda hutanuka, kwa kadiri ya asilimia 9. Boila ya lita 10 iliyojaa hutaka nafasi ya karibu lita 11, na nafasi hiyo haipo, basi boila hupasuka. Ubaya ni kwamba siku hiyo huoni kitu, maana barafu yenyewe imeziba ufa. Utaona joto litakaporudi, maji yakianza kutiririka chini ya zulia. Boila na hita vimeundwa pamoja, na bei yake humfanya mtu atafute kiti kwanza.

Ndiyo sababu magari mengi yamewekewa koki ya usalama kwenye bomba la boila. Ni kidude cha ukubwa wa ngumi. Joto likishuka hadi nyuzi 3 hivi hapo kilipo, kinafunguka chenyewe na kuyamwaga nje maji ya boila. Na hakikubali kufungwa tena mpaka pafike nyuzi 7 hivi. Kama pampu umeiacha imewashwa, nayo itazidi kusukuma maji, na lita zote 100 zitakwenda. Ndugu wa Stuttgart, hiyo ndiyo sababu ya tangi lako kuwa tupu.

Naomba myashike maneno mawili niliyoyasema: hapo kilipo. Koki haijui wewe unayelala kitandani unasikia joto gani. Inajua joto la kona yake tu.

Sasa nirudi Allgäu. Usiku wa kwanza nje kulikuwa na nyuzi 12 chini ya sifuri. Saa kumi alfajiri nikaamshwa na ukimya. Hita ilikuwa imezimika, taa nyekundu inawaka, na chini ya gari nasikia maji yanachuruzika. Nikatoka na tochi kuangalia mtungi wa gesi. Nikautikisa, nikasikia gesi inacheza ndani, zaidi ya nusu.

"Shemeji," akasema shemeji yangu, naye amejifunika blanketi mpaka masikioni, "hicho kidude kimekufa. Tafuta kibanio cha nguo tukibane, tulale."

Msidhani ni wazo lake peke yake. Kuna watu wengi wanaobana koki hiyo kwa kibanio, kwa kipande cha mti, hata kwa waya, na wakapeana shauri hilo kwa fahari. Nusura nami nifanye hivyo. Lakini fikirini: hita imekufa, nje ni nyuzi 12 chini ya sifuri, na asubuhi bado saa tatu nzima. Tungekibana, maji yangebaki ndani ya boila yakisubiri kuganda. Kidude kilichoonekana kibovu ndicho kitu pekee ndani ya gari lile kilichokuwa kikifanya kazi yake.

Kosa lilikuwa langu, nalo lilikuwa ndani ya mtungi. Agosti iliyotangulia tulikuwa pwani ya kusini mwa Ufaransa, nikanunua mtungi wa huko bila kusoma maandishi yake. Ulikuwa wa gesi ya butani. Gesi hizi za mitungi hukaa ndani kama maji, na lazima zigeuke hewa ndipo zitoke. Butani huacha kugeuka inapofika karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo pwani ule mtungi ulikuwa mzuri kabisa, na mlimani ukawa uzito wa bure, japo ulikuwa na gesi.

Kulipokucha tukanunua propani, tukajaza maji, hita ikanguruma vizuri. Usiku wa pili ndani mlikuwa na nyuzi 18. Alfajiri, koki imefunguka tena! Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Sikukwambia?" akasema.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningalifanya tangu mwanzo. Nikatoa kipimajoto kidogo cha ndani ya jokofu nikakilaza ubavuni mwa koki, katika sanduku lililo chini ya kiti cha karibu na mlango. Baada ya nusu saa nikasoma. Juu ya kiti nyuzi 18, chini ya kiti nyuzi 2! Hatua moja tu ya mtu, lakini nchi mbili. Mpira wa kupitisha hewa ya moto ulikuwapo katika sanduku hilo, ila ulikuwa umelaliwa na viatu, mablanketi, na mfuko wa kilo 10 za sembe ambao shemeji hasafiri bila huo. Tukauhamisha mfuko, mpira ukanyooka, nami nikautoboa tundu dogo likiielekea koki. Saa moja baadaye kipimajoto kilisoma nyuzi 11. Tulikaa siku tatu zaidi na koki haikufunguka tena. Shemeji hajakubali hadi leo kwamba ilikuwa sembe yake.

Basi ndugu yangu wa Stuttgart, kabla hujanunua koki ya tatu, soma mtungi wako. Halafu tazama hiyo koki imefungwa wapi, na hewa ya moto inaifikia kwa njia gani. Mafundi wengine huifunga palipo rahisi kwao, kama karibu na mlango au juu ya sakafu tupu. Usishushe hita sana usiku kwa ajili ya kubana gesi; wakati wa baridi kali mtungi wa kilo 11 huisha kwa siku tatu hivi, hilo lihesabu kabla ya safari. Na kama gari lako ni la zamani, huenda koki yake inashikiliwa na umeme. Ya namna hiyo hufunguka pia betri ikidhoofika, na betri hupoteza nguvu katika baridi, kwa hiyo ipime. Kila unapolala, zima pampu, ili koki ikifunguka upoteze lita 10 tu.

Tangi la maji machafu mimi huliacha wazi, na ndoo chini yake. Barafu ndani ya ndoo ni rahisi kuitupa.

Ukiliacha gari bila moto, hakuna ujanja ila kulikausha. Mwaga tangi na boila, zima pampu, fungua mabomba yote na uache mkono wa bomba katikati, kati ya moto na baridi. Ukiuacha upande mmoja, upande wa pili hubaki na maji na hupasuka. Mpira wa bafu ushushe chini. Watu husahau kichujio cha pampu, na ndicho hupasuka mara nyingi.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Usitie katika maji ya kunywa ile dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda. Nyingi ina ethilini glikoli, ambayo ina utamu ulimini na ni sumu inayoharibu figo. Watoto wamekufa kwa kuinywa. Wamarekani hutia katika mabomba ya magari kama haya dawa nyingine ya rangi ya waridi, propilini glikoli, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na husuuza mabomba vizuri kabla ya kuyatumia tena.

Usiku wa leo, weka kipimajoto ubavuni mwa koki yako, kabati likiwa limefungwa kama kawaida. Asubuhi niandikie nambari uliyoiona, pamoja na jina la gesi lililoandikwa kwenye mtungi.