Pole kwa Mtoto wa Sifuri

Kilichonisumbua ni namba. Nilikuwa Korogwe kwa shughuli nyingine nilipomkuta nesi mstaafu, mama wa Kizigua mzaliwa wa Handeni, akipepeta mchele barazani. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za miaka yake ya wodi ya watoto. Akaweka ungo chini, akanionyesha kwa mikono jinsi walivyopima fahamu za mtoto aliyezimia kwa malaria.

Kwanza macho. Mama mtu anainama juu ya mtoto, anausogeza uso taratibu, kushoto, kisha kulia. Macho yakimfuata, alama moja. Yakiganda darini, sifuri. Halafu maumivu: nesi anakunja ngumi, anakandamiza mfupa wa kifua kwa kifundo cha kidole. Mtoto akilia kilio hasa, mbili; akiguna tu, moja. Mkono ukija kuitoa ngumi, mbili. Akiuvuta tu kucha inapobanwa kwa penseli, moja. Jumla tano. Mbili kwenda chini ni koma.

Kipimo hicho kilitoka Blantyre, Malawi, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa kile cha watu wazima humtaka mgonjwa aseme, na mtoto wa mwaka mmoja atasema nini?

“Kubana mbele ya mama yake, hapo ndipo pagumu,” alisema. Wengi walichelewa kufika. Nyumbani waliambiwa ni degedege, na mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Hakuwacheka. Bibi yake aliamini hivyo hivyo.

Kuhusu dawa, Korogwe ina sehemu yake. Hospitali ya Magunga ilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika: kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa artesuneti 8.5.

Kuhusu ubongo pia mengi yanajulikana. Chembe za damu zenye vimelea hunasa kwenye vishipa vyake vyembamba, damu ikapita kwa taabu. Wapo wanaopona wakabaki na kifafa au uzito wa kujifunza. Lakini wapo waliolala Jumatatu wakiwa sifuri, na Jumatano wakaomba uji. Kiswahili husema fahamu zilimpotea, kisha zikamrudia, kana kwamba ni mbuzi waliokwenda malishoni. Malisho gani? Na je, mtoto asiyeweza kusogeza jicho wala mkono ndiyo kusema hasikii kitu? Kipimo kile hupima anachofanya. Anachohisi hakikigusi.

Nesi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kubana alimwita mtoto kwa jina, akamwambia, “Pole, mwanangu.” Hata wa sifuri.

Nikamuuliza: pole ile ilikuwa ya mtoto, au ya mama aliyesimama pembeni?

Akavuta ungo wake. “Sikuwahi kujua. Ndiyo maana nilikuwa naisema kwa sauti.”