KUIONGOZA NGALAWA WAKATI WA MALELEJI

Wavuvi wa Unguja na Pemba wanaelewa kwamba upepo wa kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi, na wa kusi kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Baina ya misimu hiyo hupita maleleji, ambapo upepo huwa mchache na hubadilika kila mara. Wakati huo nahodha asiyekuwa na hadhari huingiliwa na usiku baharini, au hupatwa na upepo wa ghafla na chombo kikapinduka.

Jambo la kwanza ni kuutazama uso wa bahari. Maji yanapokuwa meusi yenye vijiwimbi, upepo unakuja. Yanapong'ara kama kioo, upepo hakuna. Njia ipangwe kwa kufuata ishara hizo.

Jambo la pili ni kana. Usukani unaopindwa kwa nguvu huzuia maji na kukipunguzia chombo mwendo. Kwa hivyo kana ishikwe kwa wepesi na isogezwe kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye ukingo wa mbele wa tanga. Ukingo huo ukipepea, ngalawa imeukabili mno upepo. Iachiwe kidogo upande wa demani mpaka tanga lijae. Chombo kinacholazimishwa kwenda joshi kupita kiasi hupoteza mwendo, na mkondo hukichukua.

Jambo la tatu ni kuyafuata mabadiliko. Upepo ukigeuka kwa kumsaidia nahodha, apande nao kuelekea aendako. Ukigeuka kwa kumzuia, asubiri kidogo ajue kama umetulia, kisha akisi tanga. Kwani upepo unaozuia upande mmoja ndio unaofaa upande mwengine. Kukisi tanga kwa kila mtikisiko ni kupoteza mwendo bure.

Upepo wa ghafla ukiingia, kwanza ilegezwe kamba ya demani, ndipo kana iguswe. Kamba hiyo ishikwe mkononi, wala isifungwe kwa fundo, na baharia akae upande wa joshi. Rengu la upande wa demani likizama hukokota maji na huweza kuvunjika.

Wavuvi wote wanakumbushwa kusikiliza taarifa za hali ya hewa kabla ya kuondoka, kuchukua maboya ya kujiokolea na upo wa kutolea ngama, na kuwaarifu jamaa zao waendako na saa ya kurejea. Tahadhari kabla ya hatari.