Maumivu Yanayopenya Hadi Mgongoni

Kuanzia kwenye machimbo ya almasi ya Mwadui hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, mtu akiumwa juu ya kitovu wa kwanza kushukiwa ni vidonda vya tumbo. Hununua dawa ya kupunguza asidi kwenye duka la dawa, akarudi kazini. Pengine amepatia. Lakini yapo maumivu ya sehemu hiyo hiyo ambayo dawa ya vidonda haiyawezi: ya kuvimba kwa kongosho.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Hutoa insulini ya kudhibiti sukari na vimeng'enya vya kusaga protini na mafuta. Vimeng'enya vya protini hutoka vikiwa vimelala, vikaamkia kwenye utumbo mwembamba. Vikiamka kabla ya kufika huko, hulimeng'enya kongosho lenyewe. Mtaalamu wa patholojia Hans Chiari alilieleza jambo hilo mwaka 1896. Kongosho likijimeng'enya hivyo, ndipo mgonjwa anaposhikwa na maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni, akatapika bila kupata nafuu.

Visababishi vikuu ni vijiwe vya nyongo vinavyoziba mfereji, na pombe.

Pombe isisemwe kwa kunong'ona. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017, lakini gongo bado inanywewa, na kongosho halibagui kati yake na chupa ya bei ghali. Anayekunywa sana kwa miaka huweza kushikwa tena na tena, hadi kongosho likakakamaa kwa makovu: chakula hakisagiki, kinyesi kinakuwa na mafuta, mwili unakonda, kisukari kinafuata. Hata hivyo asihukumiwe kila mgonjwa kuwa mlevi. Wengine huugua kwa sababu ya mafuta mengi mno kwenye damu, dawa fulani, au mnyoo wa askarisi aliyeingia kwenye mfereji.

Damu hupimwa kimeng'enya cha lipesi. Kikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, jibu linakaribia. Ultrasaundi hutafuta vijiwe. Matibabu ni dripu, dawa za maumivu na kurudishwa kwenye chakula mapema. Wengi hupona, ila takriban mmoja kati ya watano huzidiwa, hata figo na mapafu yakashindwa kazi. Huyo anahitaji hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, maumivu ya namna hii yasikukalishe nyumbani ukimeza vidonge. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na daktari akiuliza kuhusu pombe, mwambie ukweli wote.