Vumbi la Karanga na Ngozi ya Mtoto

Msomaji mmoja wa Tunduma, ambaye nyumba yake hugeuka ghala la karanga kila msimu wa mavuno, ameuliza kama vumbi litapakaalo sebuleni wakati wa kubangua laweza kumletea mzio mwanawe wa miezi mitano, mwenye pumu ya ngozi, ilhali mtoto huyo hajaonja karanga kamwe.

Laweza. Nitayaacha ya kujikuna na kupiga chafya, yanayojulikana na wote, niseme juu ya mlango ambao chakula huingilia mwilini. Gunia lipitalo forodha, baina ya Tunduma na Nakonde, hukaguliwa, hupewa hati, na mwenyewe akirudi msimu ujao hupokewa kama mwenyeji. Bali gunia lile lile likinaswa usiku katika njia ya panya huandikwa katika daftari la magendo, na tangu hapo kila lifananalo nalo hushukiwa, hata lijapo mchana na hati zake kamili. Utumbo wa mtoto ndio forodha, maana humo seli za kinga huufundisha mwili kustahimili vigeni. Ngozi iliyopasuka ndiyo njia ya panya: protini ya karanga iliyotulia mkekani na kitandani hupenya penye ufa, seli za ngozi iliyojeruhiwa zikapiga mbiu, seli za doria zikaibeba mateka hadi kwenye tezi za limfu, na huko zikaundwa kingamwili za IgE, ambazo huenda kujipachika juu ya seli zilizosheheni histamini, zikingojea karanga ya kwanza kinywani.

Hoja hii ni ya tabibu Gideon Lack wa London, ambaye mwaka 2003 alibainisha kuwa mzio wa karanga uliwapata zaidi watoto wa Uingereza waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga penye upele. Mwaka 2015 jopo lake lilitangaza matokeo ya watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai: waliolishwa karanga tangu uchanga, takriban asilimia 3 walikuwa na mzio walipotimiza miaka mitano, walionyimwa, asilimia 17.

Basi karanga zibanguliwe uani, matandiko yafuliwe, ngozi ya mtoto ipakwe mafuta mazito yasiyo ya karanga wala ufuta. Na karanga zilizosagwa laini zitiwe katika uji wake wa mwanzo, illa kwa pumu kali ya ngozi daktari aulizwe kwanza.