Kabla Mjomba Hajatoa Pesa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kununua pikipiki iliyokwisha kutumika, maana huko kibaya hupigwa polishi kikajiuza vizuri sana. Niliyajua haya likizo ya Aprili, nilipofuatana na mjomba wangu kwenda Nairobi kuangalia pikipiki ya safari. Wanachama wenzangu, na nyinyi walimu wetu ambao baadhi yenu najua mnaitamani, nipeni dakika chache niwaeleze.

Kwanza tuelewane. Pikipiki ya safari si ile ya bodaboda inayotuleta hadi langoni. Bodaboda nyingi zina injini ya sisi 100 hadi 150. Ya safari huwa sisi 600, 800, hata kupita 1000. Ina tangi kubwa, kioo cha kukinga upepo, na vyuma vya kufungia masanduku ya mizigo kule nyuma. Mojawapo ya zilizoipa sifa aina hii, ya kupita lami na vumbi vilevile, ni R 80 G/S ambayo BMW ya Ujerumani iliitoa mwaka 1980. Mjomba ni afisa wa mifugo. Huzunguka Laikipia na Samburu, na mara nyingine hufika Marsabit. Alikuwa amekusanya shilingi 280,000 kwa miaka minne, ndani yake mkiwamo mkopo wa chama cha akiba na bei ya fahali wa nyanya yangu. Hizo hazikuwa pesa za mchezo.

Usiku wa kuamkia safari tulipita kwa fundi wake pale Nanyuki. Fundi hakuuliza rangi wala mwendo. Alisema, "Mpigie simu mwenye mali, umwambie asiiwashe kabla hamjafika. Na wewe kijana, ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka mkono karibu na injini." Nilidhani ni mzaha, kumbe ndilo somo lenyewe. Injini iliyochoka, au yenye betri dhaifu, husumbua asubuhi ikiwa baridi. Ikishapashwa moto, huitika mara moja kama mtoto mwenye adabu. Muuzaji akiipasha moto kabla hujafika, amekuficha dakika tano za maana kuliko zote.

Basi tulipofika, muuzaji akatupokea kwa bashasha, chai ikaagizwa. Mimi nikanyoosha mkono. Injini ilikuwa na joto! Nikamtazama Mjomba, naye akanitazama. Muuzaji akasema eti alikuwa ameenda dukani kununua maziwa. Huenda ni kweli. Watu hununua maziwa. Lakini tulikaa zaidi ya saa mbili tukingoja ipoe, na chai ikaagizwa tena.

Injini ikiwashwa ikiwa baridi, tazama moshi. Mvuke mweupe unaotoweka baada ya muda mfupi si kitu, ni unyevu tu. Moshi wa samawati usiokwisha maana yake injini inakula oili: ringi za pistoni zimelika, au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli inayoingia kupita kiasi, na huo mara nyingi hurekebishika. Chungulia oili pia. Ikiwa injini hupozwa kwa maji na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamepenya ndani. Aga, uende zako.

Mita ya ile pikipiki ilisoma kilomita 18,000. Hapo nikafanya kazi ya upelelezi. Mpira wa kukanyagia ulikuwa umelika ukawa laini kama sabuni, na kipini cha gia kimeng'aa kwa kusuguliwa na kiatu. Kilomita 18,000 hazifanyi hivyo. Mita huweza kurudishwa nyuma au kubadilishwa, lakini ni nani hukumbuka kubadilisha mpira wa mguu? Mimi naona heri kilomita 60,000 za ukweli zenye risiti za fundi kuliko 18,000 za hadithi.

Sasa nifike mahali ambapo pesa za Mjomba zilinusurika. Fundi alikuwa ametusisitizia tuvue kiti. Pikipiki ya safari hubeba mizigo nyuma ya gurudumu la nyuma, kwa hivyo uzito ule huning'inia kama mtu aliyekalia ncha ya ubao. Ukiongeza barabara ya mawimbi, kila wimbi huukunja ule mkia wa fremu kidogo na kuukunjua. Chuma huchoka kama waya unaoukunja mara kwa mara mpaka ukakatika. Kabla ya barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale kutiwa lami yote, zile kilomita 500 hivi zilisifika kwa kuvunja magari, sembuse pikipiki. Lami imefika huko, lakini ukiiacha barabara kuu mawimbi yangali yanakungoja.

Tulipovua kiti, fremu yote ilikuwa na vumbi la kawaida isipokuwa mahali pamoja upande wa kushoto, karibu na kishikio cha sanduku. Hapo rangi ilikuwa nyeusi tititi, mpya. Mjomba akakwaruza kwa ufunguo. Chini ya rangi palikuwa na weldingi yenye vinundu, na pembeni mwa weldingi ufa mwembamba kama unywele. Muuzaji akasema, "Ah, hiyo ni rangi ya kuzuia kutu tu, mzee." Tulipomwonyesha ufa akapunguza shilingi 50,000 papo hapo.

Nikiri kwamba Mjomba alitikisika. Alisimama kimya, mkono mfukoni penye zile pesa. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ikikatika nikiwa na chanjo za mbuzi, kilomita 80 kutoka kwa mtu yeyote, 50,000 zitanifaa nini?" Tukashukuru kwa chai.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyopinda kama mapezi ya papa yamekwisha pia. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi iliyopita miaka kumi usiende nayo safari, hata kama inaonekana mpya. Inua gurudumu la mbele, uzungushe usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimelika. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti ya bati. Mulika tangi kwa tochi utafute kutu, hasa kama pikipiki imelala muda mrefu.

Na karatasi? Namba ya fremu hupigwa chumani, kwa kawaida kwenye shingo, na ya injini kwenye mwili wa injini. Zilinganishe na logbuku tarakimu kwa tarakimu. Halafu utafute rekodi za NTSA uone mwenyewe ni nani. Jihadhari na pikipiki ya mtalii yenye namba za kigeni: ikiwa iliingia kwa kibali cha muda, ushuru haujalipwa, na mzigo huo utakuangukia wewe. Na usimkabidhi mtu pesa zote kabla hajaanza kukuhamishia umiliki.

Mwezi Juni Mjomba alipata nyingine Nyeri, kwa mzee mmoja mstaafu. Mita ilisoma kilomita 71,000, tangi limebonyea, kiti kimeshonwa. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kabla hatujauliza lolote mzee akasema, "Wanangu, sili za shoki za mbele zinavuja, na taa ya nyuma ina wazimu wake." Kisha akatoa bahasha ya risiti za miaka tisa. Mjomba alilipa 240,000. Sili tulizinunua sisi, fundi akazitia Jumamosi iliyofuata. Ile taa ingali na wazimu wake.