Sakafu ya mbao na mtoto anayetambaa
MTOTO aanzapo kutambaa, sakafu ya mbao barazani huwa mtihani kwa wazazi. Wengi hukimbilia msasa ili kuondoa vibanzi. Ni jambo jema, ila mbao kuukuu zikiwa ziliwahi kutiwa dawa yenye aseniki, vumbi lake ni sumu. Nchini Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao nyingi za nyumbani mwishoni mwa 2003. Mwenye shaka asipige msasa. Azipake kila mwaka rangi ya mafuta inayonyonywa na mbao, na mtoto anawishwe mikono kabla ya kula.

Misumari iliyochomoza nayo igongwe. Mwanya kati ya fito za ukingo usizidi sentimita 10, maana kiwiliwili hupenya, kichwa kikanasa. Fito za kulala hazifai kamwe. Kwake hizo ni ngazi.